King'ora cha Saa Nne

Kila asubuhi, jua likishuka ukutani na kuugusa ua wa Sabohat, gari lilianza kulia.

Mwizi hakuwepo. Gari lilikuwa limesimama chini ya mzabibu mkavu tangu mwisho wa Novemba, siku ile Nusratullo, mwana pekee wa Sabohat, alipoaga kwenda Urusi kujenga nyumba za watu. King'ora chake kilikuwa kimejificha kwenye kona ya boneti, chini ya ukingo wa kioo cha mbele, nacho kilitoa ukelele mwembamba wa kupanda na kushuka, dakika mbili, dakika tatu, siku nyingine hata tano. Kuku walikimbilia nyuma ya tanuri. Mbwa wa mtaa wa pili alijibu. Na Idibek, mhunzi wa visu ambaye ukuta wake na wa Sabohat ni mmoja, aliweka nyundo chini akapaza sauti nyumba zote zisikie:

"Saa nne hiyo, jamani! Asiye na saa ukutani amshukuru dada Sabohat!"

Zamani Sabohat alikuwa akicheka. Siku hizi hakucheka. King'ora kikianza tu, aliacha alichokuwa akikifanya, hata kama ni unga mikononi, akaenda kusimama kwenye mlango wa chumba cha ndani na kumtazama mtoto.

Mtoto aliitwa Shukrona, na alikuwa na siku thelathini na tatu. Bado alikuwa ndani ya chilla, zile siku arobaini ambazo mama na kichanga hawatoki nje, wageni hawaingii ila mama mzazi, taa ya chumbani haizimwi usiku wala mchana, na kelele hazisogezwi karibu yao. Mavzuna, mkwe wa Sabohat, alimpata mtoto huyu baada ya miaka minane ya ndoa na mimba mbili zilizotoka. Kwa hiyo nyumba nzima ilinyata. Mlango ulitiwa mafuta bawabani. Hata kifuniko cha birika kilifungiwa kitambaa kisigonge.

Lakini nani angekifungia king'ora kitambaa? Kila saa nne ukelele ule ulipita dirishani, bakuli za chai zikatetemeka rafuni, na Shukrona akaendelea kulala. Hakutikisa hata ukope.

"Mtoto mtulivu huyu, mashallah," alisema mama yake Mavzuna alipoleta supu, naye haishi kusifu. "Dunia ikipasuka yeye kalala."

"Mashallah," aliitikia Sabohat, akageuka kuzipanga bakuli rafuni.

Utulivu ule aliujua. Aliishi nao miaka kumi na tisa. Hanifa, dada wa marehemu mume wake, alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa, na alikaa nyumba hii hii, chumba hiki hiki. Alikuwa mtu wa furaha, mshonaji ambaye maharusi wa mitaa mitatu walimgombea, na Sabohat alimpenda kama pacha wake. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Sabohat hakuweza kulisahau. Mama mkwe wa Sabohat alipokuwa akiimba wakati wa kukanda unga, Hanifa alisogea, akaweka kiganja chake kwenye koo la mama, akafumba macho. Hivyo ndivyo alivyousikia wimbo.

Mara tatu Sabohat aliingia chumbani na bakuli mkono mmoja na kijiko mkono mwingine, akasimama nyuma ya kichwa cha mtoto. Mara tatu alitoka bila kugonga. Hospitali haiendewi kabla ya siku ya arobaini. Kumwambia Mavzuna hakuweza, maana mama aliyeingiwa na hofu hukaukiwa maziwa. Kumwambia Nusratullo huko kwenye baridi, juu ya jengo la ghorofa tisa, ndiyo kabisa asingethubutu. Basi alibaki na Mola wake. Lakini hata kwenye sijida alikwama, asijue aombe mtoto awe anasikia, au yeye apewe nguvu ikiwa hasikii. Alikaa na paji la uso chini hadi goti likamuuma, kisha akanyanyuka na lile lile alilokwenda nalo.

Na kila siku, saa nne, king'ora kiliuliza swali lake mbele ya nyumba nzima, na mtoto akajibu kwa kulala.

Ndipo Sabohat alipoamua kitoke.

Idibek alikwishajaribu. Wiki ya kwanza ya Januari, kabla mtoto hajazaliwa, alikuja na spana akafungua waya wa betri ya gari, akijua vyombo vyote vya gari hula humo. Waya ulipoachia tu, king'ora kilipiga ukelele mara mbili ya ule wa kawaida, na Idibek aliruka nyuma akakanyaga ndoo. Kililia mpaka adhuhuri. "Kina roho yake hiki!" alisema, viganja masikioni. "Mimi nafua chuma, dada. Chuma chenye roho si kazi yangu."

Sabohat alimpigia mwanawe simu.

"Mama, usilivunje gari," alisema Nusratullo. Upepo ulikuwa ukivuma kwenye simu.

"Nani kasema navunja? Niambie kinavyotolewa."

"Wewe? Mwite fundi wa magari."

"Fundi gani aingie uani kwangu ndani ya chilla? Unataka watu wa mtaa wanitoe kwenye orodha ya wenye akili? Mimi nimelehemu redio miaka kumi na moja, baba, kabla wewe hujajua suruali inavaliwa upande gani."

Nusratullo alicheka mpaka akakohoa. Kisha akamwelekeza. King'ora kina betri zake ndogo ndani ya tumbo. Ukikikatia waya, kinadhani gari limevamiwa, kinalia kwa nguvu zake chenyewe. "Sasa, mama, ingia garini, washa swichi, izime. Hapo kinapumbazika kidogo. Una kama sekunde kumi na tano kuachia waya wa betri kubwa. Ukichelewa…"

"Najua. Idibek alichelewa."

Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri na mikate ya kwanza, alivaa koti la marehemu mume wake akatoka. Juu ya boneti kulikuwa na mfarishi mzito wa pamba, ambao alikuwa ameushona mwenyewe kwa sindano, maua mekundu na ya kijani. Kila jioni aliulaza pale hadi juu ya kioo, akaukandamiza pembeni huku akisema Bismillahi, kama mwanawe alivyomwachia wasia, ili injini isishikwe na baridi. Mtaani kwao hakuna gari linalolala bila mfarishi msimu huo. Asubuhi hiyo ulikuwa umeganda kama ubao. Aliunyanyua kwa mikono miwili, akausimamisha kwenye kamba ya nguo, nao ukasimama wima kama mtu.

"Dada Sabohat!" Kichwa cha Idibek kilikuwa kimechomoza juu ya ukuta, kofia ya manyoya hadi kwenye nyusi. Hakuruhusiwa kuvuka, kwa hiyo alipanda ngazi. "Nimekuja kushuhudia. Nimejaza pamba masikioni."

"Sasa utashuhudiaje?"

"Eeh?"

"Nasema ukae hivyo hivyo, kaka yangu."

Aliilegeza nati ya waya wa betri kwanza, kiasi cha kubaki na uzi mmoja. Akaingia garini, akawasha swichi, taa nyekundu zikaamka, akazima. Akashuka na kuanza kuhesabu kama anavyohesabu baada ya sala, subhanallah kwa kila kidole. Kwenye ya nne alikuwa na spana mkononi. Kwenye ya saba nati iligoma. Kwenye ya kumi aliipuliza kama uji wa moto, asijue kwa nini, ikazunguka. Kwenye ya kumi na mbili waya uliachia.

Alisubiri na mabega juu. Kumi na tano. Ishirini.

Kimya.

"Kimekufa?" aliuliza Idibek kwa mnong'ono wa mtu mwenye pamba masikioni, yaani kwa kelele.

"Kimenyamaza. Hakijafa."

Skrubu mbili, plagi moja, na king'ora kikawa kiganjani kwake. Kumbe kilikuwa kidogo! Kitu cheusi, mviringo, cha ukubwa wa nusu ya kitunguu. Hiki ndicho kilichokuwa kikitikisa mitaa mitatu. Alikigeuza, akakipangusa, akakiingiza ndani kwa mikono miwili, kama vile mtu anavyobeba yai.

Alitandika gazeti juu ya sandali, ile meza yao fupi yenye makaa chini yake, karibu na mlango wa chumba cha ndani, ili Mavzuna asikae peke yake. Mtoto alikuwa amelala kwenye susu. Kasha la king'ora lilikuwa limegandishwa kwa gundi pande zote. Sabohat alichukua kisu kidogo alichofuliwa na Idibek, akakipasha moto kwenye jiko, akakipitisha taratibu kwenye mshono, akizungusha kasha na si kisu, kama alivyofundishwa zamani kiwandani. Likafunguka. Yakatoka maji, kama nusu kijiko, ya rangi ya kijani.

"Maji?" Mavzuna alinyosha shingo. "Yameingia wapi, mama?"

Sabohat aligeukia dirishani. Nje jua lilikuwa limefika kwenye kamba. Mfarishi ulianza kulegea, ukainamisha bega moja, kisha la pili, na kwenye ncha yake tone likakusanyika, likanenepa, likaanguka. Likafuata jingine. Alitazama matone yale na mara akaona siku zote za majira ya baridi kwa pamoja. Usiku pamba inakunywa ukungu na kuganda. Asubuhi jua linaigusa, saa ile ile, mahali pale pale. Matone yanashuka kwenye kioo, yanapita ukingoni, yanaingia kwenye kona, maana aliyetengeneza gari hakuwaza kwamba kuna watu watalifunika gari blanketi kama mgonjwa. Na king'ora kinalia.

"Ni mimi," alisema. "Mavzuna, nimekuwa nikikinywesha maji kila siku. Na Bismillahi juu yake."

Mavzuna alicheka kimya kimya, mkono kwenye mshono wa tumbo lake, pale alipopasuliwa kujifungua. Sabohat naye alitikisa kichwa. Lakini ndani yake kulikuwa na kitu kingine, kama kicho. Yaani tone la maji, na jua, na mfarishi, vyote vilikuwa vimekubaliana saa, na hakuna binadamu aliyeviagiza.

Ndani ya kasha kulikuwa na kibao cha saketi na betri tatu ndogo zilizoshikana kama njugu. Moja ilikuwa imepasuka, na uchafu wake ulikuwa umeota ukoga wa kijani na kula njia za shaba. Alizing'oa betri, akatia siki kwenye kisosi, akasugua kibao kwa mswaki wa zamani, akasuuza kwa spiriti, akapuliza. Njia mbili za shaba zilikuwa zimekatika kabisa. Alitafuta unyuzi mwembamba kwenye waya wa simu mbovu, akaukata vipande viwili, akawasha chuma cha lehemu.

Chuma kile kilikuwa cha kiwandani. Alikuwa na miaka kumi na tisa alipokalishwa kwenye meza ndefu ya kiwanda cha redio, wasichana arobaini, vitambaa vyeupe vichwani, kila mmoja na nukta zake sita za kulehemu. Redio ya kwanza kupita mikononi mwake ilipofika mwisho wa meza na kutoa sauti ya mtu, alishuka kwenye kiti akaenda kuangalia nyuma yake. Msimamizi alimcheka mwaka mzima. Kisha vita vikaja, kiwanda kikafungwa, wengine walipewa mshahara wa mwisho kwa sabuni, na yeye akabeba chuma chake kwenye mkoba. Kuanzia hapo ni tanuri na mikate, mikate na tanuri, miaka thelathini. Hakudhani mikono bado ilikumbuka.

Utomvu wa msonobari, ule wa kushikizia lehemu, ulipogusa joto na moshi wake kupanda, vidole vyenyewe vilijipanga. Aliviangalia vikifanya kazi kama anaangalia vya mtu mwingine. Tone la lehemu lilitandaa, likang'aa, likaganda, dogo kuliko punje ya ulezi. Sabohat akasema subhanallah, safari hii si kwa kuhesabu.

Nyuma ya ukuta nyundo ya Idibek ilisimama. Kukawa kimya. Jua lilikuwa katikati ya uwanja.

"Jamani!" Sauti ya Idibek ilikuja, haina raha. "Leo ni saa ngapi?"

Ndani, Shukrona alikuwa ameamka.

Alikunja uso kwanza. Kichwa chake kiligeuka juu ya mto, upande huu, upande ule, polepole, kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta kitu kimehamishwa. Macho yakafunguka yakabaki wazi. Midomo ikatetemeka. Kisha akalia, si kilio cha njaa wala cha nepi, bali kilio kipya, cha malalamiko, ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia.

Sabohat aliinuka kwa haraka na chuma bado mkononi. Akakumbuka ni cha moto, akakichomeka kwenye kitambaa kibichi ndani ya bakuli.

Tsssss.

Mtoto alinyamaza. Macho yake, meusi, yenye machozi, yalihama kutoka kwenye dari, yakasogea kidogo kidogo, yakasimama upande wa bakuli.

Mavzuna alisimama, mgongo ukutani.

"Mama," alisema Mavzuna. "Rudia."

Sabohat aliacha chuma kipate moto tena. Alihesabu, akapotea, akaanza tena. Akakigusisha kwenye kitambaa. Tsssss, na mikono miwili ya Shukrona ikaruka juu, vidole vimetawanyika, kama anayetaka kudaka kitu hewani.

Mavzuna aliteleza ukutani hadi chini akalia kwa kwikwi, shungi mdomoni. "Anasikia. Mama, anasikia. Anasikia."

"Kwani wewe…" Sabohat aliketi mbele yake, magoti yamegusana. "Ulikuwa unajua?"

"Tangu siku ya saba. Kila kikilia na yeye kalala. Nilikuwa namtazama, halafu nakutazama wewe mlangoni, usije ukaniona namtazama. Nilisema, mama kashaishi na kiziwi mmoja, nitamwambiaje kuna mwingine?"

"Na mimi nilikuwa nakutazama wewe, binti yangu. Nikasema, maziwa yake."

Walishikana vichwa, kilio na kicheko vikachanganyika. Kisha Sabohat akainuka, akachukua bakuli na kijiko, akasimama nyuma ya susu, pale pale alipokuwa akishindwa. Akagonga. Ting. Shukrona alipepesa macho. Akagonga tena, si kwa sababu alitaka jibu, bali kwa utamu wa kuliona tena.

"Lakini mama," alisema Mavzuna akifuta uso, "mbona king'ora chenyewe hakimwamshi? Kikubwa vile?"

Sabohat alikuwa hajalifikiria. Mavzuna mwenyewe akaanza kuhesabu vidole, na kadiri alivyohesabu ndivyo macho yake yalivyopanuka.

"Kilianza mwanzo wa Desemba. Nilikuwa kwenye mwezi wa nane. Unakumbuka nilivyokuwa nikishika mbavu? Kila saa nne alinipiga teke, teke la kweli, nilikuwa nakaa chini. Kisha, baada ya wiki mbili hivi, akaacha. Nikadhani amekosa nafasi."

Sabohat aliinama juu ya susu. Kwa hiyo mle gizani, kabla ya kuona mwanga, kabla ya kupewa jina, masikio haya yaliyo kama majani ya mnanaa yalikuwa yamekwisha funguliwa. Aliusikia ukelele ule, akashtuka, akasubiri, akaona halimpati neno. Akajifunza peke yake, bila mwalimu, kwamba hii ndiyo sauti ya nyumba yake inapofika saa nne. Na leo nyumba ilipokosa sauti yake, ndipo akaamka kuuliza.

Sabohat alitaka kusoma dua, akakosa maneno. Aliweka kidole chake kwenye koo la mtoto, pale chini ya kidevu, mtoto akaguna, naye akahisi koo linatetemeka. Akamkumbuka Hanifa. Akakaa hivyo muda mrefu.

Kazi ilibaki, naye hakuiacha. Betri tatu alizitoa kwenye taa ndogo za jua za bustanini, za ukubwa ule ule, akazilehemu upande sahihi, akaangalia mara mbili. Akaziba kasha kwa gundi, akalifungia kwa uzi, akaliacha siku mbili kando ya jiko. Ule mfarishi aliukausha vizuri, kisha akatandika nailoni chini yake, na kioo hakukifunika tena.

Siku ya thelathini na sita, jua likiwa ukutani, alikirudisha mahali pake, skrubu mbili, plagi moja, akafunga waya wa betri. Kimya. Matone ya barafu kutoka kwenye mzabibu yalidondoka juu ya boneti, na king'ora kikayapuuza.

"Kimepona?" Idibek alikuwa kwenye ngazi.

"Lazima kijaribiwe, kaka. Chombo kisichojaribiwa hakijatengenezwa."

"Dada Sabohat, kwa heshima ya marehemu, usi…"

Alibonyeza rimoti, milango ikajifunga, akasubiri, akapenyeza mkono kwenye kioo alichokiacha kidogo wazi, akavuta kitasa kutoka ndani.

Ukelele ulipanda safi, hauna kikohozi. Kuku walitawanyika. Kofia ya Idibek ilionekana ikishuka nyuma ya ukuta, kisha sauti ya ngazi ikianguka. Sabohat alikimbia ndani na koti lake kubwa, akasimama mlangoni, mkono kwenye fremu, mahali alipozoea. Bakuli zilikuwa zikitetemeka rafuni. Mavzuna aliinua kidole kumwonyesha.

Shukrona alikuwa amelala, kinywa wazi kidogo. Hakutikisa hata ukope.

Sabohat aliketi chini kando ya susu. Rimoti ilikuwa mfukoni, lakini hakuigusa. Aliegemeza kichwa ukutani, akakisikiliza king'ora hadi kikaisha chenyewe.